Paukwa na Mwitikiaji Wake: Mchezo wa Majaribio wa Dar es Salaam na Watazamaji wa Kariakoo

I

Kila mtoto aliyelelewa karibu na bibi mwenye hadithi anajua kwamba hadithi haianzi mpaka imepewa ruhusa. Msimulizi husema "Paukwa", na wasikilizaji huitikia "Pakawa". Pasipo mwitiko huo msimulizi hana budi kunyamaza, au aendelee akijisemea peke yake. Wanazuoni wamezoea kuuhesabu mwitiko huu miongoni mwa mapambo ya fasihi simulizi, kama nakshi ya mlango ambayo nyumba ingeweza kusimama bila ya hiyo. Sisi twaona kwamba ni mapatano. Msimulizi anaomba kusikilizwa. Na msikilizaji, kwa kuitikia, anajipatia haki ya kukatiza, ya kucheka mahali pasipotazamiwa, na ya kusema kwamba hadithi hii aliwahi kuisikia ikiisha namna nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu na wasanii kadha wa kadha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Amandina Lihamba na Penina Muhando, waliungana katika kikundi kidogo cha michezo ya kuigiza wakakiita Paukwa. Jina hilo lilichaguliwa vizuri, walakini lilikuwa mzigo. Kikundi kinachojiita kwa jina la mfalme, la mnyama au la mji hakimdai mtu kitu. Kikundi kinachojiita Paukwa kimetamka nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili kimewaachia watu.

Makala haya yanataka kuuliza swali moja tu juu ya kazi za kikundi hicho, na za waandishi waliokuwa wakifanya majaribio ya namna hiyo kabla yake na wakati wake: nani aliitikia Pakawa, na mwitiko wake uliweza kubadili nini? Rai yetu ni hii. Waandishi hao waliona sawasawa kwamba mchezo wa Kiswahili ulihitaji umbo lenye kumpa mtazamaji kauli. Lakini umbo hilo walilitafuta zaidi katika ngano na ngoma za vijijini, na hawakulitazama vya kutosha lile lililokuwa likiishi karibu nao, katika kumbi na mitaa ya Kariakoo. Kutokutazamana huko kumezitia hasara pande zote mbili, na lugha yenyewe imepata hasara ya tatu.

II

Yafaa kwanza tukumbushe umbali uliopo baina ya mahali hapa pawili, maana si umbali wa maili tu. Chuo Kikuu kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, hakikuanzia mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba, penye mpaka wa Kariakoo na Mnazi Mmoja, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiotimia 20. Mwaka 1964 kilihamia katika majengo yake mapya ya Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji. Ni baada ya kuhama huko, katika mwaka 1967, ndipo idara ya sanaa za maonyesho ilipoanzishwa. Kwa hivi idara hiyo ilizaliwa mlimani, na haikupata kukaa hata siku moja katika mtaa ambamo chuo chake kilizaliwa.

Kariakoo nayo ina historia yake. Jina lake ni neno la Kiingereza la jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililopita katika vinywa vya watu wa Pwani mpaka likawa neno lao. Pale palipokuwa na kambi ya wapagazi pakawa mtaa wa Waafrika wa mji: wenyeji Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wangazija, watu wa Mrima na watu wa bara, wote wakipangishana vyumba katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na baraza mbele. Jengo kubwa la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la zege lililofunguka kama miavuli, lilizinduliwa mwaka 1975. Nalo likaunguzwa na moto mwezi wa Julai 2021. Kabla ya soko hilo na baada yake, mtaa huu umekuwa mahali pa kuuza, na mahali pa kuuza ni mahali pa kusema. Dalali wa nguo kuukuu aliyepanda juu ya meza yake huita kwa kipimo na huitikiwa kwa kipimo. Naye ajua, kabla ya mhakiki yeyote, kwamba asiyeitikiwa hauzi.

III

Sasa tuziangalie kazi zenyewe. Katika miaka ya 1970 mchezo wa Kiswahili ulikuwa umeanza kuchoshwa na umbo lililorithiwa kutoka shuleni, la vitendo, maonyesho na pazia. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kuandika Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), alitoa mwaka 1976 kitabu chenye kazi mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo aliacha mazungumzo ya wahusika akarejea kwa msimulizi na ushairi wake. Lilikuwa jaribio la ujasiri, maana mwandishi aliyekwisha kusifiwa kwa umbo moja alikubali kuanza upya. Walakini msomaji makini ataona kwamba msimulizi wa Hussein ni mtu mpweke. Anayo sauti ya mtambaji, bali hana kikao cha mtambaji. Kitabu kinamwomba msomaji awe kundi zima la wasikilizaji kwa nafsi yake moja, na hiyo si kazi ndogo.

Penina Muhando alichukua njia nyingine. Katika Nguzo Mama (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, nao wanashindwa kwa kuwa kila mmoja anavutwa na dhiki ya nyumba yake. Wahusika wameitwa kwa hesabu, Bi Pili, Bi Nne, Bi Tano na wenzao, na msimulizi anawaunganisha. Wako waliolaumu majina haya kuwa makavu. Sisi twaona yana kazi: hesabu isiyokamilika inamfanya mtazamaji ajiulize ni nani aliyekosekana, na pengine ajihesabu mwenyewe. Katika Lina Ubani (1984), ulioandikwa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mwandishi alifanya jambo la lugha ambalo halijasifiwa inavyostahili. Methali husema kwamba la kuvunda halina ubani. Muhando aliondoa kikanushi, akaufanya mchezo mzima kuwa ubishi juu ya silabi moja. Hapo ndipo jaribio lake lilipo karibu kabisa na mapatano ya Paukwa: methali ni kauli ya wengi, na mwandishi ameikatiza kama msikilizaji mwenye haki.

Harakati za Ukombozi (1982) ni kazi ya mikono mitatu, ya Lihamba, Muhando na Ndyanao Balisidya. Mchezo huu unaifuata historia ya nchi tangu kutawaliwa na wageni, kupitia uhuru, mpaka baada ya Azimio la Arusha la 1967, na unaunganisha ngoma, nyimbo, ushairi na vitendo bubu. Kwa kuwa umeandikwa kwa pamoja, hauna sauti moja inayotawala. Hiyo ni sifa yake kubwa, na ndiyo iliyoutangulia moyo wa kikundi cha Paukwa, ambacho nacho kilitunga kwa pamoja, kama katika mchezo wao Ayubu. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, awe Mwislamu au Mkristo, jina hilo la mtu wa subira limekwisha kusema mengi kabla mchezaji hajafungua kinywa. Lakini katika Harakati za Ukombozi umati, ambao ndio shujaa wa mchezo, unasemewa mara nyingi kuliko unavyosema. Wimbo wa watu wengi ukiisha kuandikwa na kuchapwa, watazamaji wanaweza kuufuatisha, kuugeuza hawawezi.

Tukiziweka kazi hizi pamoja, twaona jambo linalofanana. Hussein amekwenda kijijini hata katika jina la kitabu chake. Nguzo ya Muhando iko kijijini. Ngoma zilizopandishwa jukwaani ni za bara na za mashamba. Sababu yake inaeleweka. Siasa ya wakati huo iliweka kijiji katikati ya taifa, na waandishi wengi waliamini kwa moyo safi kwamba sanaa isiyoharibiwa na ukoloni ilibaki huko. Mji ulionekana kuwa mahali pa kuiga wageni. Kazi moja iliyokwenda kinyume yastahili kukumbukwa: Hawala ya Fedha (1980), ambamo Lihamba aliligeuza kuwa mchezo wa Kiswahili simulizi la Sembène Ousmane wa Senegal, la mtu maskini wa Dakar aliyepelekewa hawala na mpwa wake aliye Paris, asiweze kuipokea kwa kukosa kitambulisho, huku majirani na wajanja wakiila kabla haijafika. Mkazi wa Mtaa wa Kongo au wa Swahili asingehitaji kufafanuliwa habari hiyo. Kumbe uwezo wa kuuandika mji ulikuwapo. Njia yenyewe haikuendelezwa.

IV

Paukwa na wenzao hawakuridhika na jukwaa la chuo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Muhando, ambaye sasa twamjua pia kwa jina la Mlama, na Lihamba walikwenda Malya katika wilaya ya Kwimba kufanya kazi waliyoiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo, wakaendelea baadaye mahali pengine. Utaratibu wake Mlama ameueleza katika kitabu alichokitoa kwa Kiingereza huko Uppsala mwaka 1991. Wageni hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakatafuta pamoja nao matatizo yanayowasumbua, wakayajadili, wakayatungia mchezo kwa ngoma na nyimbo za hapo hapo, wakauonyesha, kisha wakaujadili tena mbele ya kadamnasi.

Hapana shaka kwamba hapa Pakawa ilipata nguvu kuliko katika vitabu vyote tulivyovitaja. Mtazamaji ndiye mtunzi. Akiona mambo yamesemwa vibaya, husimama akasema. Moyo huo huo uliingia baadaye katika mpango wa TUSEME ulioanza 1996 katika shule za sekondari, ambamo wanafunzi wa kike waliyasema kwa mchezo yale ambayo darasani hayakusemeka. Mhakiki anayezidharau kazi hizi kwa kuwa hazikuacha kitabu kizuri anapima pishi kwa kijiti.

Walakini lipo jambo lisilofichika. Mwitiko wa Malya uliitwa na wageni wenye gari, fedha na muda wa kukaa, na mambo hayo yana mwisho. Wageni wakiisha kuondoka, uwanja hurudi mikononi mwa wale wale waliokuwa wakiutawala kabla. Mchezo unaotegemea msafara hauwezi kuwa desturi. Na pasipo desturi, haki ya kukatiza hubaki kuwa kumbukumbu ya siku njema. Tena yafaa tuulize: kama shabaha ilikuwa kuwapata watu wanaozoea kutunga kwa pamoja, kujadili ya kwao hadharani na kulipa gharama zao wenyewe, je, ilikuwa lazima kwenda mpaka Kwimba?

V

Kariakoo na mitaa inayoizunguka ilikuwa na vyama vya kuonyesha tangu kabla ya chuo. Kulikuwa na beni, pamoja na Marini na Arinoti zake zilizoshindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo za mafumbo; kulikuwa na lelemama ya wanawake; kulikuwa na klabu za taarab, Al-Watan na Egyptian. Vyama hivi vilikuwa na viongozi waliochaguliwa, michango, sare na watani. Havikuwa burudani tupu. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwaingiza wanawake wa mji katika siasa, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alivipitia vikundi vya ngoma vya wanawake, na wanawake waliingia kwa maelfu. Susan Geiger ameieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1997 kilichojengwa juu ya simulizi za wanawake wenyewe. Hapa hapakuwa na mtaalamu aliyekuja kuwaamsha watu kwa sanaa. Sanaa yao ndiyo iliyokuwa chama chao, na chama cha siasa kilikuja kubisha hodi.

Tangu baina ya vita viwili vikuu, mji ulikuwa pia na kichekesho. Neno hili limedhulumiwa, kwa kuwa kamusi hulipa maana ya kitu cha kuchekesha basi, hali katika midomo ya wachezaji ni jina la aina ya mchezo wenye kanuni zake. Kichekesho hakiandikwi. Wachezaji hukubaliana juu ya kisa na mwisho wake, na maneno huzaliwa jukwaani. Wahusika wanajulikana kabla hawajasema: mshamba aliyeingia mjini, mlevi, karani mwenye majivuno, mume bahili, mke mjuzi. Suruali pana na uso uliopakwa rangi humpa mchezaji ruhusa ya kusema yasiyosemwa. Hussein, katika tasnifu aliyoiandika Berlin katika miaka ya 1970, alikipa kichekesho nafasi katika historia ya mchezo wa Afrika ya Mashariki. Lakini wengi wa wanachuo wenzake walikiona kuwa upuuzi wa mjini.

Watu wa mji hawakuungoja ukubali wa wanachuo. Mashirika ya umma yalipounda vikundi vya utamaduni, kama DDC Kibisa wa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, kichekesho kiliingia katika ratiba pamoja na ngoma na sarakasi. Masharti ya uchumi ya miaka ya 1980 yalipoyafilisi mashirika hayo, vikundi vilivyojitegemea vilishika nafasi: Muungano wa Norbert Chenga, na tangu 1992 Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba, kilichotoka ndani ya Chama Cha Mapinduzi mwaka ule ule wa kurudi kwa vyama vingi. Katika kumbi za vinywaji za jiji, mtazamaji alilipa kiingilio akapata kwa saa kadhaa ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo refu na taarab. Wachezaji wenyewe walitofautisha kichekesho na igizo: cha kwanza ni cha kucheka, cha pili ni cha kulia na kufundishwa. Istilahi hizi mbili zilipatikana ukumbini, bila ya kamati.

Namna ya kuitikia ilikuwa ya wazi. Mtazamaji aliyeguswa aliinuka, akapita katikati ya ukumbi akicheza, akamtuza mwimbaji noti mbele ya watu. Na katika taarab ya mipasho kila mtu alijua kwamba tuzo ile ilikuwa pia kauli ya mtuzaji kwa jirani yake aliyeketi meza ya pili. Katika kichekesho, kicheko kilirefusha onyesho, na ukimya ulilikata. Huyu ni mwitikiaji ambaye Jogoo Kijijini ulimtamani, na ambaye Malya ilimpata kwa siku chache.

VI

Wala tusije tukaiabudu Kariakoo kama wengine walivyokiabudu kijiji. Mwitiko unaolipwa kwa noti una upungufu wake. Mtazamaji wa ukumbini ana nguvu ya kukigeuza kisa, lakini mara nyingi hukigeuza kuelekea kule anakokwisha kupenda. Mshamba hurudia kuwa mjinga kwa kuwa watu hucheka matamshi yake. Mtu wa bara huigwa lafudhi mpaka kabila zima likawa mzaha. Mke huwa mjanja au mchoyo, na mara nyingi huchezwa na mwanamume aliyejifunga khanga. Bi Pili na wenzake wa Patata, pamoja na ukavu wa majina yao, wana nafsi ambazo kichekesho hakikumpa mwanamke yeyote. Tena vikundi vikubwa vya mji viliimba sifa za wakubwa kila vilipoombwa. Aliyelipa kiingilio alikuwa na sauti, lakini mfadhili wa kikundi alikuwa na sauti kubwa zaidi.

Twaweza kuyapima mambo haya kwa kuitazama ngonjera, umbo ambalo Mathias Mnyampala na chama cha UKUTA walilieneza baada ya Azimio la Arusha. Ngonjera ina pande mbili, na kwa sura ina mwitiko kuliko mashairi yote. Lakini mjinga wa mwanzo huishia kukubali, na mwerevu wa mwanzo huishia kushinda. Ni Pakawa iliyoandikwa na yule yule aliyesema Paukwa. Basi mwitiko una daraja zake: uko ulioandikwa mapema, kama huo, uko ulioombwa na wageni, kama wa Malya, uko ulionunuliwa mlangoni, kama wa ukumbini. Mchezo wa majaribio ulipaswa kutafuta ule wa nne, mwitiko wa desturi, ambao watu wanauendesha wenyewe, na ambao hata hivyo umezoezwa kukihoji kile wanachokipenda. Kwa hilo chuo kilikuwa na maswali, na Kariakoo ilikuwa na desturi.

Kwamba havikukutana si dhana yetu tu. Matokeo yake yaonekana. Vitabu vya Mlimani vimesomwa mashuleni na vyuoni, na kwa wasomaji wengi Pakawa imekuwa jibu la mtihani. Kichekesho nacho kimeondoka ukumbini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi kama Kaole viliingia katika televisheni, na baada ya hapo michezo ilirekodiwa kuwa filamu za video zilizosambazwa na wafanyabiashara wa Kariakoo kwa maelfu ya nakala. Wachezaji waliendelea kutunga maneno papo hapo, walakini mbele yao palikuwa na kamera, na kamera haicheki. Wakati huo huo, katika vibanda vya video, alitokea mtu wa ajabu ambaye wataalamu wa hadithi wangepaswa kumkimbilia: msimulizi wa filamu za kigeni, aliyeyageuza maneno ya Kihindi, Kichina au Kiingereza kuwa Kiswahili cha mtaa, akiongeza majina, mizaha na mawaidha yake. Mashuhuri wao alikuwa Lufufu. Hiyo ilikuwa kazi ya mtambaji kamili, nayo haikupandishwa Mlimani.

VII

Tulisema kwamba lugha nayo imepata hasara. Mchezo ulioandikwa umetuachia Kiswahili cha waandishi wachache waliosoma. Kichekesho, kilichosemwa kwa miongo mingi mbele ya watu wa makabila yote ya mji, kilikuwa ghala la Kiswahili cha Dar es Salaam: jinsi maneno ya bandarini, ya reli na ya sokoni yalivyoingia katika usemi wa kila siku; jinsi lafudhi za bara zilivyosikika katika sikio la Pwani, hata pale zilipokejeliwa; jinsi mtu wa mjini alivyomwamkia mkubwa wake, alivyotongoza, alivyodai deni na alivyokataa kulipa. Kwa kuwa hakikuandikwa, kila mchezaji mzee anapozikwa twapoteza alichokikumbuka. Kosa hilo si la wachezaji. Ni letu sisi wenye kalamu na vinasa sauti, tuliokwenda mbali kukusanya ngano tukapita kando ya ukumbi wenye mlango wazi.

Wala hatusemi kwamba Paukwa walishindwa. Kikundi kidogo, kisicho na ukumbi wake mwenyewe, kilichotunga kwa pamoja katika miaka ya njaa ya vitabu, ya karatasi na ya mafuta ya taa, kiliweka mbele ya mchezo wa Kiswahili swali ambalo halijazeeka. Vikundi vidogo vilivyofuata, kama Parapanda, vimelirithi. Kwa mtu anayetaka kuendelea na jaribio hilo leo, shauri letu ni la kawaida. Asikiendee kichekesho kama malighafi ya kupikwa upya Mlimani, bali kama ufundi wenye walimu wake; akae kwa wachezaji wazee kama mwanafunzi, kisha awaletee swali la Nguzo Mama: kwa nini mwanamke katika kisa hiki hana nafsi? Ubishi utakaotokea ndio utakaokuwa mchezo wenyewe. Na onyesho la kwanza liwe mahali ambapo mtazamaji anaweza kuinuka akaondoka bila ya kuona haya, maana mahali anapofungwa na heshima ya jengo, kuitikia kwake ni adabu tu.

Mwisho, twawaomba wasomaji wa jarida hili walio na kumbukumbu za vichekesho vya Dar es Salaam, majina ya vikundi, visa vilivyochezwa na misemo iliyozaliwa humo, waziandike kabla hazijasahauliwa, hata kama ni kisa kimoja au neno moja. Palipo na makosa katika haya tuliyoyasema, watukatize.